Vilima Viwili vya Vifungo

Jirani yao, yule mzee wa vyuma chakavu ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzima, alikuwa na hadithi yake kuhusu siku mama alipougua. Alidai kwamba ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Alidai wingu la vumbi lilinyanyuka kule kwenye mashine ya kokoto, likavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, likapita mbele ya lango lake bila hata salamu, likaingia moja kwa moja dirishani kwa fundi cherehani.

"Niliona kwa macho yangu haya," alikuwa akisema. "Lilikuwa na kichwa na mkia. Lilimkaba yule mama kifuani kama mlinzi aliyemkamata mwizi."

Kila alipoisimulia hadithi hiyo, wingu lilikuwa limenenepa kidogo.

Binti wa huyo fundi cherehani aliisikiliza asubuhi hiyo tena, huku akifagia kibaraza. Aliitwa Kifungo. Jina hilo alipewa na mama yake, maana alipokuwa mchanga alikuwa akishika kifungo cha gauni la mama na hakukiachia mpaka alale. Kifungo hakumkatiza mzee, kwani si adabu kumkatiza mtu mzima. Lakini moyoni alijua kwamba haikuwa adhuhuri. Ilikuwa alfajiri. Aliamshwa na ile filimbi ya kifuani mwa mama, filimbi nyembamba iliyolia kila alipovuta pumzi. Wakati ule mashine ya kokoto ilikuwa bado imelala, hata king'ora cha kuwaita wafanyakazi kilikuwa hakijalia. Baba alimbeba mama mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, shuka likiburuzika nyuma yao.

Hospitalini mama alipata nafuu, lakini daktari hakumruhusu kurudi nyumbani. Alisema kuna kitu katika hewa ya mtaa ule kinachomkaba, na mpaka kijulikane ni nini, ni heri akae mbali. Basi mama akaenda kwa dada yake mkubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nyumbani wakabaki wawili, baba na Kifungo.

Tangu hapo siku za Kifungo zilifanana kama sare za shule. Aliamka, akateka maji bombani, akabandika chai kwenye jiko la gesi, akamwekea baba kikombe chake. Kisha, kabla ya kuvaa viatu vya shule, aliingia katika chumba cha kazi cha mama. Aliinua kitambaa kilichofunika cherehani, akapangusa gurudumu na meza, akaifunika tena. Hakuna aliyemtuma. Juu ya rafu yalikuwa makopo ya vifungo, kila kopo na ukubwa wake, na ndani ya kikapu kulikuwa na vipande vya bitana ambavyo bado vilinukia mafuta ya nywele ya mama. Siku nyingine Kifungo alitia uso katika kipande kimoja, akavuta pumzi, kisha akakirudisha harakaharaka asije akaimaliza ile harufu.

Malalamiko ya vumbi yalikuwa mengi mtaani, na hatimaye yakafika panapostahili. Siku moja baada ya shule Kifungo alimkuta baba kibarazani na msichana mmoja aliyevaa fulana ya kazi, pikipiki yake imeegeshwa langoni. Alikuwa mpimaji wa hewa kutoka ofisi ya afya. Alikuwa ameleta sanduku la chuma lenye ukubwa wa begi la shule, na mrija mmoja ukitoka ubavuni.

"Huyu ndiye mwenye chumba?" aliuliza mpimaji.

"Mwenyewe yuko mbali," baba alisema. "Huyu ndiye mlinzi wake."

Mpimaji alikipenda chumba cha mama kwa sababu kilikuwa na umeme na dirisha linaloangalia nje, katikati ya barabara ya mashine ya kokoto na ukuta wa jirani yao Redio. Akaliweka sanduku chini ya meza ya kukatia nguo, akautoa mrija dirishani.

"Linafanya nini, dada?" Kifungo aliuliza.

"Linavuta pumzi tu. Halili, halilali, halisemi mtu. Umewahi kuona vumbi linavyometa katika mwali wa jua unaopenya kwenye tundu la bati?"

"Kila siku."

"Basi ndani humu kuna mwali kama ule. Pampu inavuta hewa, chembe zinapita mbele ya mwanga moja moja. Chembe kubwa inameta sana, ndogo inameta kidogo. Sanduku linahesabu kila mmeto na kuuweka katika fungu lake. Sasa sikiliza, mlinzi. Nakupa kazi moja. Mdomo wa mrija usizibwe. Asiuguse mtu, wala ndege, wala buibui. Unaweza?"

"Naweza."

"Na tukijua hewa ikoje," baba aliongeza, akimtazama mpimaji badala ya bintiye, "daktari atatuambia kama mama yake anaweza kurudi."

Usiku ule Kifungo alilala na neno hilo.

Kioo cha sanduku kilionyesha mafungu kama nguzo zilizosimama kwa mstari, nyembamba upande wa kushoto kwa chembe ndogo, nene upande wa kulia kwa chembe kubwa. Jumamosi Kifungo alikaa mbele yake mchana kutwa. Mashine ya kokoto ilipokuwa ikinguruma, nguzo za kulia zilipanda mpaka zikakaribia kugusa ukingo wa kioo. Nguzo za kushoto zilikuwa fupi, hazikumtisha mtu. Akazitazama zile ndefu, moyo ukamshuka. Kumbe Redio alisema kweli. Kumbe ni vumbi la kokoto, lile lile analorudi nalo baba jioni kwenye nyusi na kwenye nguo, maana baba alikuwa mwendesha mashine kule kule. Zikibaki ndefu hivi, daktari atasema nini? Atasema mama asirudi. Au baba aache kazi, na akiacha kazi watakula nini?

Hakupanga kufanya ubaya. Mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye kikapu, ukachukua kipande cha bitana ya bluu, ukachukua uzi. Alipanda kwenye kiti, akafunika mdomo wa mrija, akafunga kwa fundo dogo kama alivyofundishwa na mama. Akajiambia kwamba anaulinda tu dhidi ya buibui. Alipotazama tena kioo, nguzo za kulia zilikuwa zinashuka, moja baada ya nyingine, kama watu wanaokaa chini baada ya wimbo. Kifungo alitabasamu. Kisha hakujua kwa nini hakujisikia furaha.

Katikati ya wiki iliyofuata alisikia pikipiki langoni. Alikimbilia dirishani, akafungua fundo, akakitia kitambaa mfukoni. Mpimaji aliingia, akamsabahi, akapiga magoti mbele ya sanduku. Alitazama kioo, akarudi nyuma katika hesabu za siku zilizopita.

"Mashine ya kokoto ilisimama siku hizi?" aliuliza mwishowe.

Baba alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini. "Isimame? Hebu nitazame mimi. Ukinitia majini nitakuwa saruji."

"Basi hapa pana jambo. Tangu Jumamosi mchana hakuna chembe kubwa. Mawe yanasagwa mchana kutwa mbele ya dirisha na unga wake hauonekani?" Mpimaji alitikisa kichwa. "Sanduku langu linaumwa. Sina la kufanya, itabidi nilirudishe ofisini litengenezwe, na hizi namba nizitupe. Namba za sanduku bovu hazifai hata kufungia karanga."

"Utalirudisha lini?" baba aliuliza.

"Hilo siwezi kuahidi, mzee. Mitaa inayolisubiri ni mingi, na nyinyi zamu yenu itakuwa imepita."

Alianza kuchomoa waya. Kifungo alisimama kando ya cherehani, mkono mfukoni. Kitambaa kilikuwa laini kama kilivyokuwa siku zote, ila katikati kulikuwa na kitu kikavu kilichokwaruza kidole. Aliona jinsi mambo yatakavyokuwa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Sanduku litaondoka, na pamoja nalo jibu ambalo daktari alilitaka. Na mama ataendelea kuwa sauti ya Jumapili kwenye simu.

"Dada," alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Sanduku haliumwi. Mimi ndiye niliyelifunga mdomo."

Akakitoa kitambaa. Katikati palikuwa na duara la kijivu, limeganda kama sarafu.

Baba alinyanyua kichwa. "Umefanya nini?"

"Nilitaka namba ziwe ndogo. Zikiwa ndogo, mama atarudi."

Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa yamemtoroka. Mpimaji hakugomba. Alikipokea kile kitambaa, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulikifunga vizuri," alisema. "Hili ni duara la mtu aliyefundishwa kufunga. Kaa hapa. Tutazame ulizuia nini na ulishindwa kuzuia nini."

Akamwonyesha kiooni hesabu za siku zile. Nguzo za kulia zilikuwa zimelala. Zile za kushoto, za chembe ndogo, zilikuwa pale pale.

"Hizi zilipita katika kitambaa chako kama mbu wanavyopita kwenye wavu wa samaki."

"Lakini hizo ni chache, dada. Nguzo zake ni fupi. Nimezitazama Jumamosi nzima."

"Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata sisi tulipokuwa tunajifunza." Mpimaji aliinua macho kwenye rafu. "Hayo makopo yana nini?"

"Vifungo vya mama."

"Nipe."

Kifungo alisita. Hakuna mkono mwingine uliokuwa umegusa makopo yale tangu mama aondoke. Baba akatikisa kichwa kukubali, naye akayashusha.

Mpimaji aliweka makopo mawili mezani. "Tuseme kopo hili linapokea vifungo vya milimita kumi mpaka kumi na mbili tu. Mlango wake una upana gani?"

"Milimita mbili."

"Hili jingine linapokea vya kumi na mbili mpaka ishirini."

"Nane."

"Sasa tunamwaga vifungo. Kopo la kwanza limepata ishirini, la pili arobaini. Vipi vingi?"

"Vya kopo la pili," Kifungo alisema, kisha akasita. "Ila mlango wake ni mpana. Unapokea vya kila aina."

"Endelea."

"Tugawe kwa upana. Ishirini kwa mbili, kumi. Arobaini kwa nane, tano." Aliyatazama makopo kana kwamba yalikuwa yamemdanganya miaka yote. "Kumbe vidogo ndivyo vingi. Mara mbili."

"Sanduku langu nalo liko hivyo hivyo. Milango ya chembe ndogo ni myembamba sana, ya kubwa ni mipana. Anayetazama urefu wa nguzo bila kuuliza upana wa mlango, anatazama mlango, hatazami hewa. Kwa hiyo hatua ya kwanza, nagawa hesabu kwa lita za hewa iliyovutwa, maana aliyevuta hewa nyingi atahesabu nyingi tu. Ya pili, nagawa kwa upana wa kila fungu. Ya tatu, nazirudisha zilizopotea."

"Zilipotelea wapi?"

"Njiani. Mrija una kona, unaiona? Chembe nzito zikija mbio zinashindwa kukata kona, zinagonga ukuta, zinabaki. Zile ndogo mno nazo zinatangatanga kama watoto waliotumwa dukani, mwisho zinagusa ukuta na kunata. Mrija huu tuliupima kabla ya kuuleta. Kama kwa kila kumi zinazoingia zinafika nane, basi nikikuta nane naandika kumi."

Kifungo alifikiri. "Unahesabu hata ambazo hazikufika."

"Lazima. Isiyofika nayo ilikuwepo."

Maneno hayo yalimwingia taratibu. Kila asubuhi aliandaa vikombe viwili, na kila asubuhi mkono wake uligusa kile cha tatu kabla ya kukiacha.

"Basi rudisha na zile zilizobaki kwenye kitambaa changu," alisema kwa tumaini. "Namba zipone."

"Siwezi. Mrija naujua. Kitambaa chako sikijui. Kilikaza kiasi gani, kililegea lini, upepo ulikigeuza vipi? Nisichokijua siwezi kukirekebisha kwa kukisia. Nikikisia, nami nitakuwa nimefunga kitambaa changu." Mpimaji alirudisha waya mahali pake. "Tutaanza upya. Ofisini nitasema ukweli, kwamba mrija ulizibwa na sasa uko wazi. Watanigombeza kidogo, nitavumilia. Mlinzi bado anataka kazi?"

Kifungo alimtazama baba.

"Usinitazame mimi," baba alisema. "Umeulizwa wewe."

"Nataka."

Safari hii aliulinda mrija kama mboni ya jicho. Nguzo za kulia zilipopanda aliziacha zipande. Alikaa juu ya mikono yake mwenyewe ili isipate wazo. Ila sasa alitazama pia wakati ambao hakuutazama mwanzo, alfajiri kabla ya king'ora, na jioni mashine ikishanyamaza. Nguzo zile fupi za kushoto zilikuwa zikijongea juu kidogo kidogo, na hewa ya dirishani ilikuwa na harufu aliyoizoea kiasi kwamba alikuwa ameacha kuinusa.

Siku mpimaji alipokuja na majibu, Redio alikuwa amefika kabla yake. Habari haikuwahi kumpita. Alikaa kwenye kigoda, koti lake kuukuu mwilini hata kwenye joto, koti ambalo mama alilishonea mfuko mpya kwa kitambaa cha rangi nyingine.

"Haya, leteni hilo wingu langu," alisema. "Mimi nililijua hata kabla ya umeme."

Mpimaji alimwomba Kifungo vifungo. Juu ya meza ya kukatia nguo alichora mstari kwa chaki ya mama, kushoto ndogo, kulia kubwa. Vifungo vidogo vya shati vilikuwa chembe ndogo, vifungo vya makoti vilikuwa chembe kubwa. "Hesabu zote nimeshazigawa kwa lita na kwa upana wa milango, nikarudisha zilizopotea," alisema. "Huu ni mchana."

Kifungo alipanga kama alivyoambiwa. Vifungo vya shati vikakaa rundo dogo kushoto. Upande wa kulia vifungo vya makoti vikapanda mpaka vikawa kilima.

"Si nilisema?" Redio alipiga goti lake. "Vumbi la kokoto. Naomba nitengenezewe cheti."

"Subiri, babu. Sasa alfajiri."

Mpimaji aliondoa karibu vifungo vyote vya makoti. Kisha akamwambia Kifungo aweke vya shati, na aongeze, na aongeze tena. Kilima cha kushoto kilipanda mpaka kikapita kile cha mchana, kikaporomoka, vifungo vikabingirika mpaka chini ya cherehani. Kopo lilikuwa limekwisha.

"Vilitakiwa viwe vingi zaidi," mpimaji alisema. "Na jioni ni vivyo hivyo. Hili si jiwe. Jiwe halisagiki likawa laini hivi. Huu ni moshi. Chembe kubwa nyingi hunaswa puani na kooni, mtu akapenga kamasi yakaisha. Hizi ndogo hushuka mpaka mwisho wa kifua."

"Moshi wa nini alfajiri?" baba aliuliza. "Hapa tunapikia gesi."

Kifungo aliinama kuokota vifungo. Alilijua jibu. Ilikuwa ile harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya ukuta. Lakini mtoto hamnyooshei mtu mzima kidole mbele ya watu, hivyo akaokota kimoja kimoja, akavihesabu viganjani, akangoja.

Kilichowashangaza ni kwamba hata Redio alinyamaza. Mkono wake ulikuwa umeshika ule mfuko wa rangi nyingine.

"Moshi wa nyaya," alisema baadaye. "Nyaya zangu. Nazichoma plastiki iishe, nichukue shaba. Mchana niko barabarani natafuta, kwa hiyo nachoma kabla sijatoka na nikisharudi." Aliuachia mfuko. "Nilidhani moshi unapanda juu unakwenda zake. Nani anauliza moshi unalala wapi?"

"Na wingu lenye kichwa na mkia?" baba aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Wingu lilikuwepo. Sikusema uongo juu ya wingu. Ila, bwana... ile siku nilisikia shemeji akikohoa nikiwa pale pale motoni. Nikasema moyoni, maskini, vumbi la kokoto hilo."

Baba alikaa kwenye kiti cha mama, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "na sisi tulikuwa tunakodolea macho barabara. Mimi mwenyewe. Kila jioni nilijikung'uta unga, nikaona aibu mbele ya mke wangu kana kwamba nimemletea ugonjwa kwenye mabega."

"Usijitoe lawamani kabisa, mzee," mpimaji alisema. "Kile kilima cha mchana nacho si sukari. Nitakiandika vile vile kilivyo. Lazima mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa."

"Nitamwambia msimamizi kesho," baba alisema. "Sasa nina vifungo vya kumwonyesha."

Redio alitoka bila kuaga. Kesho yake alfajiri hapakuwa na moto nyuma ya ukuta. Alipatikana kibarazani kwake, rundo la nyaya mapajani, akizichuna ngozi moja moja kwa kisu, na kufikia saa ya shule mdomo wake ulikuwa umewaka tena. "Kazi hii ni ya konokono," aliwaambia wapita njia, "lakini konokono hakohoi." Sanduku lilibaki siku chache zaidi. Kifungo alipopanga vifungo vya alfajiri kwa mara ya mwisho, kilima cha kushoto kilitosha kufunikwa na kiganja chake.

Jioni hiyo, mpimaji akifunga sanduku lake kwenye pikipiki, Kifungo alimkabidhi kile kitambaa cha bluu. Alidhani angetaka kukitupa. Mpimaji akakikunja akakitia mfukoni. "Nitawaonyesha wenzangu wapya," alisema.

Baba alisubiri mpaka mlio wa pikipiki ukapotea. "Mwanangu," alisema, "nilikuwa na hasira na wewe siku ile, nikakosa la kusema. Sasa nimelipata. Kipimo ni shahidi. Ukimfunga shahidi mdomo kwa sababu unaogopa atakachosema, umemzuia pia asiseme lile ambalo lingekuokoa. Kama ungenyamaza, tungelaumu barabara mpaka leo, na moshi ungeendelea kupita dirishani humu. Kumpenda mama yako si kosa. Lakini hamu isishike mizani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Baba aliyapeleka majibu kwa daktari. Daktari aliyasoma, akasema sanduku hupima hewa, halipimi kifua, ila sasa mgonjwa anaweza kujaribu kurudi, akiwa tayari.

Jumapili baba alibonyeza namba, akampa Kifungo simu, akatoka kibarazani ili asionekane anasikiliza. Kifungo alikaa kwenye meza ya kukatia nguo. Alimweleza mama kila kitu, kitambaa cha bitana, makopo na milango yake, vilima viwili, na Redio anavyochuna nyaya. Mama alicheka mahali pa kucheka. Kifungo alipofika kwenye kitambaa, mama hakucheka, akasema tu, "Fundo ulifunga lipi?" na Kifungo akamwambia.

"Na alfajiri?" mama aliuliza. "Alfajiri kukoje sasa?"

"Alfajiri kuna baridi tu, mama. Na harufu ya udongo."

Kule aliko mama kulisikika kuku, na ndoo ikiwekwa chini. Kifungo aliibana simu sikioni, akasikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, ndani, nje, akiitafuta ile filimbi nyembamba. Aliitafuta kwa muda mrefu, hakuisikia. Mbele yake cherehani ilikuwa imefunuliwa, imepanguswa, uzi umeshatungwa kwenye sindano.

"Mama," alisema, "rudi nyumbani."

Pumzi iliingia, ikatoka. Kifungo alikishika kifungo cha gauni lake mwenyewe, akangoja.